Mota haikuwa na kosa: nilivyokirudisha njiani kichwa changu cha treni ya mfano

Kichwa changu cha treni kilishikwa na kwikwi. Kinakwenda kidogo, kinasita, taa ya mbele inapepesa, kisha kinaruka tena. Mwishowe kikawa hakiondoki mpaka nikisukume kwa kidole. Nikasema basi, mota imekufa.

Nilikifungua, nikaichomoa mota, nikaiunga na waya mbili. Ikazunguka vizuri kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kujishuku mwenyewe.

Treni yangu ni ya kipimo kiitwacho HO, ndogo mara 87 kuliko ya kweli, na reli zake zimeachana kwa milimita 16.5. Ndani haina betri. Umeme hupita kwenye reli, ukapanda magurudumuni, vibati vyembamba vikaupokea nyuma ya magurudumu na kuupeleka kwenye mota. Uchafu ukikaa popote katika njia hiyo, treni inasita. Na uchafu niliuleta mimi. Miezi miwili nyuma nilisikia gia zinalia, nikachukua mafuta ya cherehani nikamimina bila huruma. Yakatiririka hadi kwenye magurudumu, magurudumu yakayapaka reli nzima, vumbi likanata, na zile cheche ndogo zinazoruka kati ya gurudumu na reli zikayaunguza yote yakawa kama lami.

Kosa la pili lilikuwa msasa. Reli zilimeta, nikajisifu. Siku chache tu, kwikwi ikarudi na nguvu mpya, kwa sababu msasa huacha mikwaruzo na uchafu hujificha humo. Hadi leo nikimulika tochi kwa ubavu naiona.

Kilichosaidia ni kitambaa kisichotoa nyuzi, nimekizungushia kijiti cha mbao na kukitia spiriti ya isopropili. Nilisugua juu ya reli na ukingo wa ndani, nikibadilisha upande wa kitambaa kila kilipogeuka cheusi. Kwa magurudumu, nilitandika kitambaa juu ya reli, nikaweka magurudumu ya mbele juu yake na ya nyuma kwenye reli tupu, nikashika kichwa kwa mkono na kuwasha umeme. Ya mbele yakazunguka yakijisugua yenyewe, kisha nikageuza. Kitambaa kiwe na unyevu tu, kisilowe: spiriti inashika moto na hapo pana cheche. Magurudumu yangu mawili yamevishwa mpira ili yasiteleze, na mafuta yalikuwa yameuvimbisha. Nilivisha mipya.

Kumbe kulikuwa na jingine. Kwa kioo cha kukuzia niliona kitu kimejiviringisha kwenye ekseli. Nikakivuta polepole kwa kibano: unywele mmoja, mrefu kama kiganja, umesokotana na nyuzi za zulia. Wakati huo nilikuwa naendeshea sakafuni. Siku hizi reli ziko juu ya ubao.

Bado upande wa mbali treni ilikuwa inachoka. Nilipopima huku inatembea, karibu na kidhibiti, kile kisanduku kinachopeleka umeme relini, nilipata volti 12, kule mwisho 9. Viungo vya reli vilikuwa vimelegea. Nililehemu waya za ziada chini ya reli za upande ule, na kwa kuwa mkono wangu si mwepesi, nikayeyusha mataruma mawili ya plastiki, vile vipande vinavyolala chini ya reli.

Mafuta sasa ni yale yasiyokula plastiki, tone moja kwa ncha ya sindano, kwenye ncha za ekseli tu. Gia napaka grisi kidogo. Reli nazifuta kabla ya kucheza, hata kama zinaonekana safi.

Jana nimekiendesha mwendo wa kinyonga, mabehewa sita nyuma, nusu saa bila kukigusa. Pale penye mataruma yaliyoyeyuka bado kinainama kidogo, kisha kinaendelea.