Triga ya Colt ya zamani imelegea, kumbe ni springi tu

Jamani hii imenisumbua wiki nzima. Niko huku Texas, baba mkwe aliniachia bastola yake Colt Single Action Army, ile modeli iliyoanza 1873, na hii ilitengenezwa kabla ya 1899 kwa hiyo kisheria ni antiki, yaani silaha ya kale. Shida ni triga ilikuwa inachezacheza haina nguvu kabisa, ukivuta nyundo nyuma haishiki, inarudi na kidole chako.

Kwanza nikahakikisha haina risasi, nikafungua geti, kile kijimlango cha kuingizia risasi, nikazungusha silinda tundu moja moja, halafu nikaitoa kabisa. Hapo usiwe na haraka.

Nilidhani ncha ya triga imelika, na nusura niipige tupa, namshukuru Mungu sikufanya hivyo maana ukiharibu pale bastola inaweza kujifyatua. Nikatoa mpini, nikatoa springi kubwa ya nyundo, nikafungua skrubu za kikingio cha triga, ndani nikakuta ile springi bapa yenye miguu miwili, mmoja unasukuma triga, mwingine unasukuma kipande kinachofunga silinda. Mguu wa triga umekatika! Ni ugonjwa wa Colt hizi tangu zamani.

Nikaagiza springi mpya ya waya, inadumu kuliko bapa. Ile iliyokatika nimeitunza kwenye bahasha. Bisibisi tafuta inayokaa sawasawa kwenye skrubu, ukichubua vichwa vyake umeshaipunguzia thamani. Sasa nyundo inashika, na ukiivuta nyuma milio yake yote minne naisikia vizuri.