Nilivyofanikiwa kuwapata dubu wa maji kwenye mchanga wa Jambiani

Wengi wakisikia dubu wa maji, yaani kile kiumbe kidogo sana cha miguu minane kinachoonekana kwa maikroskopu, wanamfikiria yule wa nchi kavu, anaeishi kwenye kijani kinachoota ukutani penye unyevu, anakauka mpaka anakua kama punje ya vumbi halafu akipata maji anaamka, yule yule aliepelekwa anga za juu mwaka 2007 na baadhi wakarudi wazima. Mi nawaongelea ndugu zake wa baharini, wale wanaokaa katikati ya chembe za mchanga wa pwani, maana nimehangaika nao miezi kadhaa mpaka nikawapata na sikuona mtu alieandika kwa Kiswahili jinsi ya kufanya, kwahiyo naandika mimi.

Kwanza mjue tu kwamba dubu wa maji wote waliokwisha elezewa duniani wamepita spishi 1,300, na wa baharini humo ni kama 200 hivi, lakini usidanganyike na hiyo idadi, kwa maumbo wa baharini ndo wenye maajabu. Kuna mmoja anaitwa Tanarctus bubulubus, alielezewa mwaka 1991 kutoka karibu na visiwa vya Faroe, miguu yake ya nyuma imebeba vifuko kama maputo. Kuna mwingine Tetrakentron anaishi juu ya mwili wa jongoo bahari, kajibana bapa kabisa asing'oke. Nilivyosoma hayo nikasema haiwezekani sisi tuna pwani yote hii, mchanga wa matumbawe mweupe pee, na mi sijawahi kumuona hata mmoja kwa macho yangu.

Basi safari ya kwanza nikaenda Jambiani siku ya bamvua. Wanaoijua pwani ya mashariki ya Unguja wanajua maji yakitoka kule yanatoka kweli, unatembea weee mpaka unaukaribia mwamba. Nikachota mchanga karibu na ufukwe, ule mororo unaoteleza mguuni, nikajaza chupa nne, nikaweka fomalini, ile dawa ya kuhifadhi viumbe visioze, nikarudi nao mjini. Wiki nzima kwenye maikroskopu ya kuazima nikaona minyoo uzi tu, minyoo uzi na vikopepodi, vile vidudu vidogo jamii ya kamba, basi. Safari ya pili nikasema labda kwenye tope karibu na mikoko kuna chakula kingi, huko ndo kabisaa, minyoo uzi mara kumi.

Safari ya tatu ndo nikakutana na bibi mmoja analima mwani, alikua anafunga kamba zake, nikamwamkia, "Shikamoo bibi", akaitikia "Marahaba mwanangu", kisha akaniangalia nnavyochota akauliza huo mchanga naupeleka wapi. Nikamweleza kwamba natafuta vidudu vidogo sana vinavyoishi kwenye uwazi kati ya chembe na chembe. Akacheka kidogo akasema, "Sasa kama vinataka uwazi mbona wachota huu mororo, umeshikana kama unga, nenda kule kwenye mkondo, kule mchanga wake wa chenga."

Jamani, hilo neno ndo lilinifungua. Vitabuni nilikua nimesoma kabisa kwamba wengi wa hawa wanapenda mchanga wa wastani mpaka wa chenga, kwasababu mkondo unapopita unabeba vumbi laini, unaacha nafasi kati ya chembe, maji yanapita na hewa ya oksijeni inaingia, lakini mchangani sikujua pa kusimama. Yeye anajua kila hatua ya ile pwani kwa nyayo zake, miaka anaikanyaga. Nikaenda mkondoni, maji ya magotini, nikachukua sirinji kubwa niliyoikata kichwa nikaisukuma chini kama sentimita kumi, nikavuta, nikarudia mara sita sehemu tofauti. Ukiushika ule mchanga unasikia kabisa vipande vya matumbawe na magamba.

Makosa yangu mengine mawili nayasema ili mtu asirudie. Fomalini niliacha kumimina hapo hapo, maana dubu aliekufa bado kashikilia chembe yake na humtoi kirahisi, bora awe hai. Na chujio nililokua natumia mwanzo lilikua la maikroni 125, yaani tundu za milimita 0.125, kumbe hawa wengi urefu wao ni kati ya milimita 0.1 na 0.5 na upana ni mdogo zaidi ya hapo, kwahiyo walikua wanapita wanaenda zao na maji mi namwaga sinki. Nikatafuta kitambaa cha nailoni cha maikroni 40 nikakibana kwenye kipande cha bomba la plastiki kwa gundi, kazi ikawa imekaa sawa.

Halafu ikaja ile mbinu yenyewe, na hii ndo siri kubwa, maji baridi! Yaani maji ya kunywa yasiyo na chumvi. Unachukua mchanga wa kujaa ngumi unaweka kwenye jagi, unamimina maji baridi, unazungusha kwa mkono kama nusu dakika, wale wanapata mshtuko wa kukosa chumvi wanaachia chembe, unasubiri sekunde chache mchanga utue chini, maji ya juu unayapitisha haraka kwenye chujio. Rudia mara tatu nne. Kisha usichelewe, suuza chujio kwa maji ya bahari uliyoyachuja kabla, uwamwage kwenye kisahani, ukiwaacha kwenye maji baridi wanavimba na kuharibika. Hawa wa mchangani wengi wao hawana ule uwezo wa kukauka na kufufuka, anaesifika kwa hilo baharini ni Echiniscoides, wa kwenye vile vigamba vyeupe vikali vinavyoganda kwenye miamba, huko anapigwa na jua kila maji yakitoka.

Usiku ule ule, sa nne hivi, nikamuona. Alikua anatambaa juu ya chembe moja ya tumbawe, kwake ni kama jabali, miguu minane, kichwani nywele zimesimama huku na huku na mmoja katikati ya paji, huo unywele wa katikati ndo alama ya kundi lao la baharini. Nikaongeza ukuzaji nikaona vidole, sita kila mguu, na kila kidole mwishoni kina kisahani kidogo kama kijiko, anakibandika, anakibandua, anakibandika. Batillipes! Ndo jina la kitaalamu la jamii ya dubu wenye vidole hivyo. Nikachukua sindano nikaigeuza chembe juu chini, hakudondoka. Nilikaa namwangalia mpaka macho yakauma.

Mpaka alfajiri nikawa nimepata kumi na moja kwenye ule mchanga wa ngumi tatu, na hawakua wa aina moja. Tisa Batillipes, mmoja mdogo mno ambae nadhani ni mtoto kwasababu vidole vyake vilikua vinne na tundu la uzazi sikuliona, na mmoja kazungukwa na ngozi nyembamba zimetanuka pembeni kama maua, huyo kwa muonekano ni Florarctus, jamii nyingine ya dubu wa baharini, ukimpiga mwanga kwa chini zile ngozi zinang'aa kama kioo. Safari zote mbili za mwanzo sifuri, na sehemu zenyewe kutoka mororo mpaka mkondoni hazifiki hata mita mia tatu.

Kuwatengenezea slaidi nako kuna shughuli yake. Fomalini asilimia 4 sasa ndo wakati wake, kisha gliserini polepole siku kadhaa, ukiharakisha anajikunja, halafu kingo za kioo unaziziba kwa rangi ya kucha, mi nilipewa na mjukuu wa yule bibi, nyekundu. Ili kumtaja Batillipes kwa jina kamili unatakiwa upime urefu wa vidole vya mguu wa nne pamoja na umbo la mwiba wa nyuma, sasa slaidi nne za mwanzo mguu wa nne umelalia chini ya tumbo. Ya tano imetoka, vidole vyote sita vimetandazika. Bamvua ijayo nimemuahidi bibi nampelekea picha za hao dubu kwenye simu, na nachota tena pale pale mkondoni, safari hii chupa kumi.