Mafuta ya cherehani

Jirani mpya kaleta cherehani ya kukanyaga, na harufu ya mafuta yake inafika hadi jikoni kwangu. Nikamkumbuka fundi wangu, mshonaji aliyekuja kwangu kutibiwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito.

Alikuwa amefiwa na mkewe. Hashoni, hali chakula, anaamka saa tisa usiku na kukodolea macho dari. Dodoso la kupima sonona, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, lilimpa alama 16 kati ya 27; kadiri alama zinavyopanda ndivyo hali ilivyo nzito. Swali la tisa, la kutamani kufa, haliulizwi kwa kupitapita: unalitamka wazi, unamtazama, unasubiri. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Alisema hatajidhuru, ila angefurahi alale asiamke. Hilo nalo ni jibu. Tukapanga nani atalala naye nyumbani na nani wa kupigiwa simu, ndipo nikamwekea mbele ratiba ya siku saba, ya kurudia shughuli zake kidogo kidogo.

"Tuanze na nini, mzee wangu?"

"Nirudi kibandani, nishone suti."

Suti ni kubwa mno. Mtu aliye katika hali ile akishindwa suti, anaondoka na ushahidi mpya kwamba hafai. Tukapunguza. Kukata kitambaa? Bado ni kukubwa. Kutunga uzi? Vidole vinatetemeka. Tukafika kwenye kufunua cherehani na kuitia mafuta, dakika kumi, baada ya chai ya asubuhi, awe na hamu asiwe nayo. Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa kanzu.

"Binti yangu, nimefuata dawa ya usingizi, wewe unanipa kazi ya mafuta?"

"Ndiyo, mzee. Na ukimaliza tu, andika hali ya moyo, sifuri mpaka kumi. Usingoje usiku." Ukingoja usiku, moyo mzito hukumbuka mabaya tu.

Karatasi ilirudi na madoa ya mafuta: kabla 2, baada 3. Siku mbili zilikuwa tupu, kwa kuwa mwanawe alimwahi akaitia mafuta mwenyewe, eti baba apumzike. Mpango wa aina hii huvunjwa sana na huruma ya nyumbani. Kwa ruhusa ya mzee, nikamwita kijana tukaelewana.

Mengine yalikwenda haraka. Akaanza kutia lastiki kwenye sketi. Januari zikaja sare za shule. Alama za dodoso zikashuka kutoka 16 hadi 7. Mimi naisifia ratiba. Yeye anasema ni sare, maana wazazi hawamngoji fundi apone. Nimebishana naye sana kichwani, na bado hajanipa pointi.