DeFord Bailey: garimoshi ndani ya kinanda cha mdomo

Wa kumsikiliza DeFord Bailey, Mmarekani mpiga harmonika (kinanda cha mdomo), aanze na "Pan American Blues", iliyorekodiwa New York Aprili 1927 kwa kampuni ya Brunswick. Ni dakika tatu kasoro za mtu mmoja na harmonika moja ya matundu 10, bila gitaa wala ngoma. Garimoshi linang'oka kituoni kwa uzito, linashika kasi, linapiga honi, linapotelea mbali. Ukifumba macho unajua limefika wapi.

Bailey alizaliwa tarehe 14 Desemba 1899 katika Kaunti ya Smith, jimbo la Tennessee, Marekani. Alipokuwa na miaka mitatu polio ilimlaza kitandani mwaka mzima, akawa hana anachoweza kusogeza zaidi ya kichwa na mikono. Harmonika ikawa ndiyo mchezo wake. Alipona, lakini kimo hakikuwahi kufika futi tano. Njia yake ya kwenda shule ilipita kwenye daraja la reli, na mwenyewe alisimulia jinsi alivyokuwa akijibanza chini yake, amefunika macho, treni ikipita juu, kisha akaifuata ile sauti kwa harmonika njia nzima.

Ili uone alichokuwa akikifanya, chukua harmonika ya C. Ukipuliza matundu 1 hadi 4 kwa pamoja unapata noti C, E, G, C. Ukivuta pumzi kwenye matundu hayohayo unapata D, G, B, D, yaani umeshahamia ufunguo wa G. Wapigaji wa blues wengi hukaa huko kwenye kuvuta, kwa kuwa vilimi (vipande vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti) vya chini, tundu la 2 na la 3 hasa, hukubali kushushwa sauti kwa kurudisha ulimi nyuma mdomoni. Mlio ule wa kulalamika hutoka hapo.

Kwa magurudumu, anza na matundu 1 hadi 3: vuta-vuta, puliza-puliza, polepole mno, mapigo 60 kwa dakika. Kwa honi, vuta la 4 na la 5 pamoja huku viganja vimefunga nyuma ya harmonika, kisha fungua vidole taratibu. Wanaoanza hukwama palepale: mapafu hujaa. Kuvuta kunachukua hewa nyingi kuliko kupuliza kunavyotoa, na baada ya nusu dakika kifua kimebana, mdundo umevunjika. Dawa ni kutoa ziada kwa pua kila unapopuliza, na kuvuta kidogo tu. Kilimi hakihitaji nguvu. Kosa la pili ni kukimbilia kasi. Msikilize Bailey: anaongeza kidogo kidogo, na mapigo hayapotei hata honi inapolia. Hapo ndipo ninapomwona mkubwa kuliko wote waliojaribu kuiga treni baada yake.

Tahadhari moja kwa anayepiga pamoja na rekodi. Sahani za zamani za santuri huandikwa mizunguko 78 kwa dakika, lakini nyingi hazikurekodiwa kwa 78 kamili. Ikizungushwa kwa 80 badala ya 78, sauti inapanda karibu nusu ya nusu-toni (nusu-toni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili), na harmonika yako itaonekana mbovu ilhali ni nzima. Rekebisha kasi kwenye kompyuta kwanza.

"Pan American Blues" ndio wimbo ulioacha jina. Desemba 1927, redio ya WSM ya Nashville ilikuwa imetoka kurusha saa nzima ya muziki wa okestra. Bailey akaingia na treni yake, na mtangazaji George D. Hay akasema wasikilizaji wametoka kwenye opera kubwa ("grand opera"), sasa wanaingia "Grand Ole Opry". Kipindi kinaitwa hivyo hadi leo.

Oktoba 1928 kampuni ya Victor ilimrekodi Nashville kwenyewe, nyimbo nane. Tatu tu ndizo zilizotoka, "John Henry" ikiwemo. Pamoja na nyimbo nane alizorekodi kwa Brunswick, jumla ya zilizotoka ni 11. Kwa mtu aliyekuwa nyota wa redio kwa takriban miaka 15, ni chache kiasi cha kuumiza.

Ziarani alijaza kumbi akiwa na wenzake wazungu, ila hoteli nyingi za Kusini mwa Marekani hazikumpokea kwa kuwa alikuwa mweusi. Mwaka 1941 vituo vya redio viligombana na chama cha hakimiliki cha ASCAP, nyimbo zake zilizozoeleka zikazuiwa hewani, na WSM ikamwachisha. Baadaye Hay aliandika kwamba Bailey alikuwa mvivu wa kujifunza nyimbo mpya, akalihusisha hilo na rangi yake. Huo ni uonevu, na usiachwe upite kama maelezo.

Bailey aliendelea na duka lake la kung'arisha viatu Nashville. Alirudi jukwaani Opry mwaka 1974, akapiga siku aliyotimiza miaka 75, na akafariki tarehe 2 Julai 1982. Country Music Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa muziki wa country, ilimwingiza mwaka 2005.

Ukishaizoea "Pan American", nenda kwenye "Fox Chase": ni pumzi ileile, lakini safari hii ni mbwa wanaomfukuza mbweha.