Nilivyopunguza gharama za simu katika duka langu la gesi Umoja

Mteja wa gesi hangoji. Gesi humwishia sufuria ya ugali ikiwa juu ya moto na watoto wakilia njaa, na hapo hapo anapiga nambari ya kwanza anayoiona. Isipopatikana, anapiga ile iliyoandikwa kwenye ukuta wa ploti ya jirani, na ile si yangu. Ninauza gesi na maji ya kunywa hapa Umoja, Nairobi, nina vijana watatu wa bodaboda wanaopeleka mitungi, na kila mmoja wao ana simu ya kazi. Dukani kuna simu ya WhatsApp na nyingine ya kupokea malipo. Simu moja ikizima saa kumi na mbili jioni, mauzo ya jioni nayo yamezima.

Kuna wakati matengenezo, kredo na bando vilikuwa vinakula faida ya mitungi mingi kila mwezi. Kilichonisaidia kushusha gharama hizo ni kujua, kabla sijatoa shilingi, ninalipia nini hasa.

Nilianza na daftari. Kila simu ina ukurasa wake: aina yake, nambari ya IMEI, yaani ile ya kuitambulisha simu (bonyeza *#06# itatokea), tarehe iliponunuliwa, na risiti imebandikwa pale pale. Ikitengenezwa naandika kilichoharibika, spea iliyowekwa, bei, na dhamana ambayo fundi amenipa. Kazi ya dakika chache tu, lakini baada ya miezi kadhaa kurasa zilianza kusema. Vioo vilivyopasuka vilikuwa vichache kuliko nilivyodhani. Kilichokuwa kinajirudia ni sehemu ya kuchajia, na mara nyingi kwa simu ya kijana yule yule.

Nikamuuliza anachajije. Alikuwa amefunga chaja ya bei rahisi kwenye betri ya pikipiki, simu iko kwenye usukani, waya umechomekwa kutwa nzima. Kila shimo la barabara linatikisa waya ndani ya simu, mpaka vile vipini vidogo vya kuchajia vinalegea. Nikamnunulia pawabanki ya kuweka mfukoni na tukakubaliana hakuna kuchaji pikipiki ikiwa inatembea. Pawabanki ilijilipa haraka sana. Na kama kijana wako ana simu ya bei, mwambie aitoe kabisa kwenye usukani: Apple wenyewe walitoa tahadhari mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa ya pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone zenye mfumo wa kutuliza picha. Sisi huku barabara ndizo zinazotikisa zaidi.

Simu hiyo hiyo ndiyo iliyonifunza jinsi bei ya fundi inavyopangwa. Ilikataa kuchaji, nikaipeleka duka moja katikati ya mji. Wakaichungulia, wakaniambia bodi imekufa, niache shilingi 4,500. Hakuna aliyeifungua. Nikaichukua nikashuka nayo Luthuli Avenue, kwa kijana mwenye meza ndogo ndani ya jengo lenye vibanda vya simu kuanzia chini hadi juu. Yeye alichomeka kifaa kidogo cha kupimia chaji, chenye tarakimu nyekundu, kati ya waya na simu. Tarakimu zikasoma sifuri. Akausukuma waya kidogo upande mmoja kwa kidole gumba, tarakimu zikapanda, akauachilia, zikarudi sifuri.

"Mathe, bodi yako ni nzima," akasema. "Hapa chini ndipo pamelegea."

Kwenye simu nyingi za Tecno, Infinix na Samsung za bei ya kati, sehemu ya kuchajia imekaa kwenye bodi yake ndogo pale chini, pamoja na maiki. Inafunguliwa, inatolewa nzima, inawekwa nyingine. Nililipa shilingi 500 pamoja na ufundi, na nilisimama pale pale akifanya. Tangu siku hiyo sikubali bei ya mtu ambaye hajapima. Namwambia fundi kwa heshima: nionyeshe kilichokufa, halafu tuongee pesa.

Wakati mwingine hata fundi hahitajiki. Simu inayobebwa mfukoni hujaa vumbi na nyuzi za nguo kwenye tundu la chaji, waya haufiki mwisho, na mtu anadhani imeharibika. Izime, chukua kijiti cha meno cha mbao, kwangua taratibu. Usitumie sindano.

Kioo ndicho kinachotafuna pesa, kwa hivyo hapo nitakaa kidogo. Kwanza, jua kama kilichopasuka ni kioo cha juu peke yake au skrini nzima. Kama picha inaonekana sawasawa na simu inaitikia kidole kila mahali, huenda ni kioo cha juu tu, na Luthuli wako mafundi wenye mashine ya kutenganisha kioo hicho na skrini. Kwa simu ghali inafaa kuuliza, maana tofauti ya bei ni kubwa. Kwa simu ya bei ya chini haifai, kwa sababu skrini nzima haigharimu sana na ile kazi ya kutenganisha inaweza kuua skrini iliyokuwa nzima.

Pili, tenganisha bei ya spea na bei ya ufundi. Mafundi wengi huchukua skrini kwa muuzaji wa jumla aliye vibanda vichache kutoka kwao, wanaongeza faida yao, wanakupa bei moja. Mimi nilizungumza na fundi wangu wazi: twende pamoja ukachague spea, mimi nilipe muuzaji, halafu nikulipe ufundi wako pembeni. Mwanzoni alisita, na namwelewa, kwa sababu faida yake iko kwenye spea na anayo kodi ya kile kibanda. Tukapatana nimwongezee bei ya ufundi, na simu zote za duka ziwe zinakuja kwake. Yeye ana mteja wa uhakika, mimi nina bei ninayoielewa. Fundi mwema ni wa kutunza. Ukimbana mpaka mwisho, atakuwekea spea ya kuanguka baada ya wiki, na utarudi kulipa tena.

Tatu, uliza spea ni ya aina gani. Kuna orijino, kuna kopi, na kuna ya kuvuliwa kutoka simu nyingine, ambayo mara nyingi ni bora kuliko kopi ikiwa haina alama. Kwa Samsung zenye skrini ya AMOLED na alama ya kidole chini ya kioo, skrini ya kopi ya LCD ni rahisi, ila ile alama ya kidole haitafanya kazi tena na rangi hazitakuwa zile. Kwa simu ya kijana wa kupeleka mitungi, sijali. Kwa simu ya dukani ninayopigia picha za mitungi na kuzituma kwa wateja, najali.

Na kabla fundi hajapaka gundi, ijaribu ile skrini. Anaunganisha ule waya bapa wa skrini, simu inawaka ikiwa bado wazi. Hapo shika aikoni moja kwa kidole, izungushe kila pembe ya skrini polepole. Mahali inapoponyoka, kidole hakisomwi. Fungua ukurasa mweupe uangalie kama kuna doa la manjano au mstari. Kwa Samsung kuna menyu ya majaribio, piga *#0*#. Gundi ikishakauka, ubishi wa nani alileta kasoro huwa mgumu.

Simu mpya tunaziangalia tofauti. Tecno, Infinix na itel zina kituo chao cha huduma kinachoitwa Carlcare, na simu ikiwa bado ndani ya dhamana, kosa la kiwandani hutengenezwa bila malipo. Kupasuka na kuingia maji havimo. Ukianzia kwa fundi wa nje akaifungua, kuna hatari ya kukuta dhamana imekataliwa. Ndiyo sababu ya zile risiti kwenye daftari.

Maji nayo: izime, usiichaji, usiikaushe kwa mashine ya kukausha nywele, na uache habari za mchele. Mchele hauwezi kufikia maji yaliyo chini ya bodi, na vumbi lake linaingia kwenye matundu. Ipeleke ifunguliwe na ioshwe kwa spiriti siku hiyo hiyo, kabla kutu haijaanza.

Simu ikienda kwa fundi, laini zinabaki nami. Zote. Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo kwenye mipangilio: ukiiwasha, fundi anaweza kujaribu simu bila kuona picha, meseji wala programu zako. PIN ya M-Pesa haitajwi hata kama fundi ni ndugu yako. Na kwa laini za Safaricom, nilipiga *100*100# ili mtu asiweze kubadilishiwa laini yangu kwa simu. Lazima niende dukani kwao mwenyewe.

Malipo niliyatoa kabisa kwenye simu za kioo. Laini inayopokea meseji za tili, ile nambari ya M-Pesa ya kulipia dukani, iko kwenye kabambe, ile mulika mwizi ya kubonyeza, iliyofungwa kwa kamba kwenye kaunta. Chaji yake inakaa siku kadhaa, ikianguka unaiokota, na menyu ya M-Pesa inafanya kazi vile vile bila bando. Hii pengine ndiyo hatua iliyonipa utulivu mkubwa kuliko zote, kwa sababu simu ya WhatsApp ikienda Luthuli, pesa zinaendelea kuingia. Kuhusu tili yenyewe, niliichagua badala ya Pochi la Biashara, njia nyingine ya M-Pesa ya kupokea pesa za biashara, kwa hesabu ya biashara yangu: kwa tili mteja hakatwi kitu na mimi ndiye ninayekatwa asilimia ndogo, ilhali kwa Pochi mteja ndiye anayelipa ada ya kutuma. Mtu anayenunua mtungi wa kilo 13 ameshatoa pesa nyingi, simwongezei mzigo. Anayeuza vitu vya shilingi hamsini hamsini apige hesabu yake.

Kredo ilikuwa inavuja kwa Okoa Jahazi, ule mkopo wa kredo wa Safaricom. Vijana walikuwa wanakopa kila kredo ikiisha, na kila mkopo hukatwa asilimia 10: unapewa 90, unalipa 100. Fanya hivyo mara nyingi kwa wiki, laini tatu, uone. Sasa Jumatatu asubuhi nanunulia kila mmoja bando la dakika la wiki, na likiisha kabla ya siku zake tunaongea kujua zimeenda wapi. Simu zao ni za laini mbili, kwa hivyo kupokea ni Safaricom, ambayo wateja wanaijua, na kupiga ni kwa laini yenye bando rahisi zaidi wiki hiyo. Bando za dakika za mitandao yote zipo, na ile hofu ya zamani ya gharama ya kuvuka mtandao haina nguvu tena. Mwezi wa Machi 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilishusha ada ambayo kampuni hulipana simu inapovuka mtandao, kutoka senti 58 hadi senti 41 kwa dakika. Kuhamisha nambari yenyewe kwenda kampuni nyingine kunaruhusiwa Kenya tangu 2011, lakini nambari ya duka siigusi, kwa kuwa ikihama M-Pesa haihami nayo.

Kwa intaneti, nilifungua mipangilio ya WhatsApp nikazima kupakua picha na video zenyewe. Wauzaji wa jumla hutuma video za mizigo yao kutwa, na zilikuwa zinaingia zote hata zisizofunguliwa. Programu nazo zinasasishwa tu kwa waifai ya dukani. Vijana wanahitaji ramani na meseji za maandishi, na kwa hilo bando lisilo na tarehe ya kuisha, ambalo Safaricom walilianzisha mwaka 2019, linadumu. Kwa MB moja ni ghali kuliko bando la siku, lakini la siku huisha saa yake ikifika hata kama hujalitumia nusu.

Mwisho nilinunua simu ya akiba. Fundi akijua unaharakisha, bei inapanda, na wewe mwenyewe huna nafasi ya kutembea vibanda viwili vitatu kuulizia. Nikiwa na akiba, simu iliyoharibika inaweza kulala kwa fundi mpaka spea nzuri ipatikane. Ukinunua iliyotumika au iliyofanyiwa ukarabati, piga *#06# mbele ya muuzaji, linganisha IMEI na ile ya boksi, na umwombe risiti yenye nambari hiyo. Muuzaji akikataa kuandika IMEI kwenye risiti, mrudishie simu yake uende kibanda kinachofuata.