Mvuvi aliyetufundisha bandama

Sisi wanafunzi wa udaktari tuko katikati. Koti jeupe tunalo, stetoskopu iko shingoni, lakini hatuandiki dawa mpaka daktari aweke saini yake. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia "asante dokta" nilikuwa najiuliza ananishukuru kwa lipi.

Niko mwaka wa nne hapa hospitali ya Bugando, Mwanza. Jibu nililipata kwenye rotesheni ya magonjwa ya ndani, kwa mvuvi mmoja wa makamo ambaye sitamtaja jina wala mwalo wake. Aliletwa akitapika damu. Akaongezewa damu, wakampitisha mpira wenye kamera, na mishipa iliyovimba kwenye njia ya chakula ikafungwa. Yote hayo waliyafanya mabingwa na manesi. Mimi nilisimama pembeni nikiangalia.

Jioni yake nilikwenda kuchukua historia. Nikamwamkia, nikauliza maswali yangu yote, na yalipoisha akauliza lake: "Binti yangu, ile damu ilikuwa inatoka wapi? Mbona kifua hakijawahi kunisumbua?" Halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba nyumbani ndugu walishaanza kutaja majina ya watu.

Nikafungua daftari, nikachora. Konokono kwenye maji ya kina kifupi ukingoni mwa ziwa. Vijidudu vinavyotoka kwao na kupenya ngozi ya mtu. Minyoo ya kichocho inayoishi miaka kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake yanayonasa kwenye ini mpaka linajaa makovu. Hapo damu inakosa njia, inarudi nyuma, bandama inavimba, na mishipa ya njia ya chakula inajaa hadi kupasuka. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akamwita mkewe na kaka yake, akaniomba nirudie. Nikarudia. Kaka mtu akasema, "Basi yale maneno tuyaache."

"Wabeja sana, dokta," mgonjwa akanishukuru kwa Kisukuma, na safari hii sikujiuliza ni kwa lipi. Daktari wa raundi ana wodi nzima ya kumaliza kabla ya kliniki. Mwanafunzi anaweza kuvuta kiti. Naamini kabisa kwamba kumweleza mtu ugonjwa wake mpaka auelewe ni sehemu ya tiba, na katika ile familia huenda kulimwokoa hata jirani asiye na hatia.

Lakini nikipima, yeye ndiye aliyetoa zaidi. Bandama kubwa namna ile kila mwanafunzi alitaka kuigusa. Unaanzia chini ya tumbo, upande wa kulia, unapanda mshazari kuelekea mbavu za kushoto huku mgonjwa akivuta pumzi. Tulipita kundi baada ya kundi, kila mtu na mikono yake ya baridi, na baba yule alikubali kila alipoombwa, ingawa alikuwa amechoka. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alipoanzia juu, alimwelekeza kwa upole: "Shuka kwanza huku chini, mwanangu, ndivyo wenzako wanavyofanya." Vitabu vya bandama nimevisoma vingi, ila mkono wangu ulifundishwa na yeye.

Siku ya kuruhusiwa mkewe alituletea matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, tukala pamoja na manesi. Mimi nilikuwa nawaza vijana wao, ambao nao ni wavuvi. Watoto wa shule hupimwa urefu na kupewa dawa ya kichocho pale pale shuleni, lakini mvuvi mtu mzima anayeshinda majini mara nyingi hafikiwi. Niliwasihi wazazi wawapeleke zahanati hata kama hawaumwi.

Wiki hii alirudi kufungwa mishipa kwa mara nyingine. Mkewe aliniona kwenye korido, akanishika mkono na kunipa habari: vijana wawili wameshakunywa dawa. Wa tatu yuko kambi ya dagaa visiwani, na baba yake ameshamtumia ujumbe.