Jina la mama mdogo kwenye daftari

Jumapili, usiku

Naamini Injili ni ya kuhubiriwa. Natanguliza hilo ili ndugu zangu wa usharikani wasije wakadhani nimepoa. Upande wa baba ni watu wa Usambara, wajukuu wa wale walioanza kusikia neno wamisionari wa Kijerumani walipofika Mlalo mwaka 1891, na urithi huo naushukuru kila siku. Upande wa mama ni Waislamu wa Pangani tangu na tangu. Idd tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu, na misiba tunazikana. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama sisi Wakristo tunawasukuma mno wengine waingie kwetu, hilo kwangu si swali la semina. Nakula nalo sahani moja.

Leo, wakati wa matangazo, ilisomwa taarifa ya huduma ya hospitalini. Yakatajwa majina ya waliompokea Bwana. La nne lilikuwa la mama mdogo wangu, mdogo wake mama, aliyelazwa presha ilipompanda hadi mkono wa kushoto ukafa ganzi. Kanisa likapiga makofi na vigelegele. Mimi nilikaa kimya nikiangalia mikono yangu, maana siku ile kikundi kilipopita wodini nilikuwepo, nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake.

Niseme kwanza mema yao, kwa sababu ni ya kweli. Walikuja na sabuni, maji ya chupa na matunda, wakagawa kitanda kwa kitanda bila kuuliza nani ni wa dini gani. Mabinti wawili walimbadilishia shuka bibi mmoja ambaye hakuwa na ndugu, wakamfuta uso, wakamlisha uji. Hiyo ni ibada, na sijui kama nimewahi kuona nyingine iliyo safi zaidi. Kisha wakafika kwetu. Mmoja akaweka kiganja juu ya ushungi wa mama mdogo, akaomba kwa sauti ya kusikika hadi wodi ya pili, akamwambia kwamba uponyaji wake uko mlangoni, ampokee Yesu sasa hivi. "Mama, unampokea?" Mama mdogo akamtazama, akasema, "Ahsanteni wanangu, Mungu awalipe." Basi. Daftari likafunguliwa, jina lake likaandikwa.

Anayejua watu wa pwani anajua jibu lile lilikuwa nini. Mwanamke aliyelelewa Pangani hamfukuzi mgeni aliyekuja kumjulia hali, wala hamkatizi mtu anayemtaja Mungu. Angekuwa mzima nyumbani kwake, angewakaribisha, angewapa kahawa, angewasikiliza hadi mwisho, kisha adhana ingelia naye angenyanyuka kwenda kutawadha, na wao wangejua la kujua. Pale kitandani hakuwa na pa kunyanyukia. Mkono mmoja hausikii, dripu iko kwenye mkono wa pili, na anayemsemesha amesimama kati yake na mlango.

Naona hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Watu wanaolalamika kwamba Wakristo tunazidi hutaja spika, mikutano ya viwanjani, vipeperushi, wahubiri wa stendi. Spika zinakera kweli, na usiku zinawanyima watoto usingizi, lakini hilo ni suala la majirani na serikali ya mtaa. Anayepita uwanjani anaweza kuendelea na safari yake. Anayepewa kipeperushi anaweza kukifungia karanga. Kinachoniuma ni sisi kumchagua mtu ambaye hawezi kuondoka: mgonjwa kitandani, mtoto wa bweni, mfungwa, mjane anayesubiri kilo tano za unga.

Baada ya ibada nilimfuata mwinjilisti, nikamsalimu, nikamweleza. Ni mtu ninayemheshimu, hajawahi kula sadaka ya mtu, na anapofunga anafunga kweli. Hakukasirika. Alinijibu kwa Ezekieli, kwamba usipomwonya mtu akafa, damu yake itadaiwa mkononi mwako. "Dada, mama yule angeondoka usiku ule, mimi ningesema nini mbele za Mungu?" Alilisema kwa machozi kidogo. Sitaki mtu yeyote anayesoma hapa amdharau. Anayeamini hivyo kwa moyo wote kisha akanyamaza, huyo ndiye wa kumshangaa.

Lakini Ezekieli huyohuyo, sura ya 33, anaeleza kazi ya mlinzi ilivyo: anauona upanga ukija, anapiga tarumbeta. Akishapiga, anayesikia atajua mwenyewe la kufanya. Mlinzi hakuagizwa kuingia nyumba kwa nyumba akiwaandikisha watu kwamba wamesikia. Nilimwambia hivyo. Akasema atalitafakari, na namwamini.

Tangu mchana nimekuwa nikiwaza habari ya Rabai na Bagamoyo. Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mke wake na kichanga chao. Mwaka 1846 mmisionari mwenzake, Rebmann, akamfuata, wakajenga kituo Rabai, karibu na Mombasa, kati ya Wamijikenda. Wakahubiri, wakafundisha, wakaandika kamusi. Wenyeji waliwasikiliza, wakauliza maswali, kisha wakarudi mashambani mwao na kwenye kaya zao. Rebmann alikaa karibu miaka thelathini, akapofuka macho, na waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika. Hesabu ilipanda baada ya mwaka 1875, yalipofunguliwa makazi ya Freretown, karibu na Mombasa, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa majahazini. Huku kwetu, mapadri wa Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868, nao walinunua watoto sokoni ili kuwatoa utumwani, wakawalea, wakawafundisha useremala na kilimo, wakawaozesha, wakawapa kijiji. Na wakawabatiza.

Siwezi kuwahukumu mapadri wale. Mtoto aliyetolewa kwenye mnyororo akapewa kitanda na kitabu ametendewa wema, na wengi wa watoto wale walikuja kuwa Wakristo wa kweli kuliko mimi. Ila mtoto aliyenunuliwa, asiyejua kwao ni wapi, angeanzia wapi kusema hapana? Mmijikenda wa Rabai alikuwa na kaya ya kurudi. Wamisionari wa Rabai waliandika barua za huzuni kwa sababu watu hawakuongoka, na mimi nikiwasoma leo nahisi heshima kwa pande zote mbili, kwa mhubiri asiyechoka na kwa msikilizaji aliyekuwa huru kutoshawishika.

Kumbukumbu za namna hii hazijafa kwa wajomba zangu. Kabla shule hazijataifishwa kwa sheria ya mwaka 1969, shule nyingi nzuri zilikuwa za misheni, na wazazi wengi Waislamu waliogopa kupeleka watoto huko wasije wakarudi na majina mapya. Babu mzaa mama alimkatalia mama kwenda, kwa hofu hiyo tu. Mama alijifunza kusoma ukubwani. Alama iliyoachwa na hofu ile naiona kila anapoweka kidole chini ya mstari.

Nyerere, aliyetaifisha shule zile, alikuwa Mkatoliki wa ibada ya kila siku. Na yeye mwenyewe hakubatizwa utotoni. Alipata mafundisho, akamaliza Tabora, akaenda Makerere, akabatizwa Desemba 1943 akiwa mtu mzima wa miaka 21, baba yake akiwa ameshafariki. Alipewa muda, naye akautumia.

Wala sisemi jambo jipya. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Vatikano na umoja wa makanisa ya kiinjili duniani, watu wasiokubaliana mengi, walitoa waraka mmoja kuhusu ushuhuda wa Kikristo kati ya watu wa dini nyingine. Wamesema wazi kwamba katika huduma ya uponyaji udhaifu wa mtu na uhitaji wake visitumiwe vibaya, na kwamba kubadili dini ni hatua nzito inayohitaji muda wa kutosha wa kutafakari na kujiandaa. Katiba yetu, ibara ya 19, inaiita kazi ya kueneza dini kuwa huru na jambo la hiari. Ndugu zetu Waislamu nao wana aya yao ya Kurani, kwamba hapana kulazimisha katika dini.

Mtoto wa mama mdogo alipopata habari, alitaka kwenda hospitalini kufoka. Nilimsihi asubiri. Sijasahau Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012, ubishi wa watoto kuhusu Kurani ulivyoishia kwenye makanisa kuvunjwa na kuchomwa. Mama mdogo ndiye aliyemtuliza. "Wameniletea sabuni," alimwambia, "na yule binti ana mkono laini. Niache nipumzike." Hajui kwamba jina lake limesomwa kanisani, nami sijapata ujasiri wa kumwambia.

Ninachokirudia usiku huu ni Yohana sura ya sita. Watu wengi wamemwacha Yesu, mafundisho yamewawia magumu. Anawageukia wale Thenashara, wanafunzi wake kumi na wawili, na kuwauliza, "Je! Ninyi nanyi mwataka kuondoka?" Na yule tajiri wa Marko 10, anayeelezwa kwamba Yesu alimkazia macho akampenda: alikwenda zake kwa huzuni, na hatuambiwi kwamba alikimbiliwa njiani. Bwana wetu aliwaachia watu njia ya kutokea, hata wale aliowapenda, hata pale ilipomgharimu wafuasi. Nikilala wodini mimi, ningependa mhubiri wa dini yoyote aniulize kwanza kama nataka kuombewa, na nikisema "labda siku nyingine", aniachie ndizi aende.

Nimeandika barua kwa kamati ya uinjilisti. Nimeomba huduma ya wodini iendelee, sabuni ziongezwe, na kila mgonjwa aulizwe kabla ya maombi. Anayetaka kujua zaidi apewe namba ya simu, atupigie akishatoka. Nimeomba daftari la majina lisiende tena hospitalini, na jina la mama mdogo lifutwe, na kufutwa huko kutangazwe palepale lilipotangaziwa. Hili la mwisho najua litakuwa gumu. Kikao ni Alhamisi jioni, na mwenyekiti ameniambia nitapewa nafasi kwenye mengineyo.